Helikopta Isiyofika Futi Mia

Juzi nilikuwa nasaga njugu karanga kwa blenda yangu kuukuu, simu ikalia, nikaiacha blenda inazunguka na kwenda kujibu. Niliporudi, jikoni kulikuwa na ile harufu ya mota ndogo iliyozidiwa na kazi: plastiki iliyopata moto, vumbi linaloungua, na utamu fulani wa kuudhi nyuma yake. Mtu mwenye akili timamu angekimbia kuchomoa waya. Mimi nilisimama katikati ya jiko nikivuta pumzi na kucheka peke yangu. Hiyo ndiyo harufu ya ushindi wangu wa kwanza duniani, na kila nikiinusa narudi kuwa msichana wa sketi ya kijivu ya shule, huko Stechford, Birmingham, nimeshika rimoti yenye antena ndefu kuliko mkono wangu.

Ninyi mliolelewa ughaibuni miaka ile mnakumbuka tulivyokuwa. Mnakumbuka zile kadi za simu za kukwangua kwa sarafu, na mama anayepiga kelele kwenye simu kana kwamba Nakuru itasikia kwa kelele zake na wala si kwa waya. Nyumbani kwetu Kiswahili kiliingia masikioni na Kiingereza kikatoka mdomoni. Mama alisema, "Leta viatu," nikajibu, "Which ones?" na hakuna aliyeona ajabu. Watoto wote niliowajua walikuwa hivyo. Shida ya kuelewa lugha bila kuisema ni kwamba hakuna anayekusahihisha. Ukikosea maana ya neno, kosa linabaki kichwani mwako, linalala vizuri, linakula na kunenepa.

Langu lilinenepa hasa.

Kila Jumapili alasiri tulikutana katika ukumbi wa kanisa ambao Waingereza wenyewe waliutumia asubuhi. Tulikuwa Wakenya, Wakongo na Watanzania wachache, kila kundi na Kiswahili chake, na kila kundi likiamini kwamba cha wenzao kimepinda kidogo. Baada ya ibada akina mama walihamia jikoni kupasha vyakula. Mimi nilipenda kukaa chini ya kaunta, karibu na birika la chai, kwa kuwa mahubiri yalisemwa ukumbini lakini habari zilisemwa jikoni. Siku moja kulikuwa na mama mgeni. Aliniona nikichungulia, akauliza kwa sauti ya chini mimi ni wa nani. Aliyemjibu ni Anti Njoki, rafiki ya mama tangu siku zake za kwanza Birmingham, nesi mwenye moyo mkubwa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Na babake?" mgeni akauliza.

"Babake? Huyo aliruka kimanga!"

"Ai!"

"Aliruka futi mia, nakwambia. Kabla mtoto hata azaliwe."

Wewe unayesoma umeshaelewa. Kuruka kimanga ni kukana katakata, na kwetu Wakenya mtu akiruka futi mia amekana mpaka amepita dari. Anti Njoki alikuwa anasema kwamba mwanamume huyo aliikataa mimba ya mama yangu. Lakini mimi, na Kiswahili changu cha masikio tu, nilisikia jambo jingine kabisa. Nilisikia kwamba baba yangu anaruka. Anaruka angani, yuko mahali panapoitwa Kimanga, na kimo chake ni futi mia.

Sijui kama naweza kuieleza furaha ile. Mpaka siku hiyo sikuwa na chochote cha baba. Nikimuuliza mama alisema, "Hayuko," kisha akageuza chapati. Sasa, kwa dakika moja chini ya kaunta, nilikuwa nimepata kazi yake, mji wake, na sababu nzuri ya kutokuwepo kwake. Marubani hawakai nyumbani, hilo hata mtoto anajua. Nilitoka pale na sahani yangu ya sombe, yale majani ya muhogo ya Wakongo, nikitembea kama binti wa waziri.

Shuleni niliitafuta Kimanga kwenye ramani ya Afrika na sikuiona. Hapo ndipo nilipomwendea Kaka Elia, mwanafunzi wa chuo kutoka Dar es Salaam aliyekuwa anapiga kinanda kanisani. Nilimkuta anakunja nyaya.

"Where's Kimanga?" nikamuuliza.

"Kimanga? Si ipo Tabata, bwana, Dar. Mjomba wangu anakaa kule. Kwani vipi?"

"Is there an airport?"

"Wapi! Nyumba zimebanana vile, ndege itue wapi, juu ya mabati?" Akacheka huku akifunga sanduku la kinanda. "Labda helikopta."

Basi, kazi ikaisha. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba ndege za abiria hupita juu sana, maelfu ya futi, na mimi nilikuwa najiuliza kwa nini baba aruke futi mia tu. Sasa nilijua. Baba yangu alikuwa rubani wa helikopta.

Wanaoifahamu Birmingham ya wakati ule watakwambia kwamba helikopta ya polisi haikukauka juu ya mitaa yetu. Kila ilipopita jioni nilitoka nyuma ya nyumba nikapunga mkono, na siku nyingine nikapunga taulo la vyombo. Mama alikuwa ananitazama kupitia dirisha la jikoni, yuko kwenye sare yake ya nyumba ya kutunzia wazee, chai mkononi.

"Watoto wa wenyewe wanajificha polisi," aliniambia. "Wangu anawasalimia."

Sikumwambia kitu. Nilidhani mama anajua vizuri baba ni nani, na kwamba kutosema kwake ni kwa sababu anamkosa. Huruma niliyokuwa nayo kwa mama yangu wakati ule, jamani, ilikuwa kubwa na yote ya bure.

Siku yangu ya kuzaliwa ilipokaribia, mama alisema safari hii nichague mwenyewe, kitu kimoja cha maana. Nafikiri alitarajia baiskeli. Nilimwambia nataka helikopta ya rimoti.

"Ile ya wavulana?"

"It's not for boys. It's for flying."

Akasema sawa. Hakujua kwamba nilikuwa na mpango. Ningenunua helikopta, ningejifunza kuirusha mpaka ifike futi mia, na siku baba atakapopita Birmingham kwa kimo chake kile kile, angekutana nayo hewani. Angeitazama, angeona jinsi inavyorushwa vizuri, na angejua mara moja kwamba anayeirusha chini kule ni damu yake. Angetua. Nilikuwa hata nimeshapima kwa macho bustani yetu ndogo na kuona kwamba kamba ya kuanikia nguo itabidi itolewe.

Duka la modeli za ndege lilikuwa Tyseley, kwenye mtaa wa karakana, ambako hewa ilikuwa na harufu ya grisi na ya taka zinazochomwa. Tulishuka basi, tukapita malori na milango mikubwa ya mabati, mama akiuliza kila baada ya hatua chache kama nina hakika hatujapotea. Ndani ya duka kulikuwa na joto na harufu ya gundi. Ndege za mbao zilining'inia darini kwa nyuzi za kuvulia samaki. Mwenye duka alikuwa Mzungu mnene mwenye masharubu ya kijivu, na watu wengine wawili watatu walikuwa wanachagua rangi na skrubu kwa ukimya wa maktaba.

Helikopta zilikuwa kwenye kabati la kioo, na kwa kweli uchaguzi ulikuwa kati ya mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyekundu, ya kutumia mafuta, na panga moja refu juu yake. Ya pili ilikuwa ndogo kama njiwa, ya njano, ya betri, na juu yake mapanga mawili yamepandana, moja likizunguka huku na jingine likizunguka kule. Niliuliza swali langu moja tu nililokuja nalo.

"Does it go up to a hundred feet?"

Mzee alicheka kwa wema. Akasema nyekundu itafika futi mia na kuendelea, na mtu asiyejua akiirusha ataiona mara ya mwisho ikiwa nukta. Ya njano haifiki popote. Ni ya ndani ya nyumba. Hata upepo wa mlango unaisumbua. Lakini mtu anayeanza, akasema, aanze na hiyo, maana yale mapanga mawili yanasawazishana yenyewe, ukiiweka mahali inakaa.

Nilinyoosha kidole kwenye ile nyekundu. Kukaa kulikuwa na faida gani kwangu? Nilitaka ya kwenda.

Mzee alimtazama mama, halafu akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. "And is it for you, bab?"

Hapa lazima nisimame nieleze. Watu wa Birmingham humwita kila mtu bab. Ni neno la upendo tu, kama vile mama zetu wanavyosema mami au mpenzi. Dereva wa basi atakuita bab, muuza samaki atakuita bab. Mimi niliyezaliwa pale sikulisikia tena, lilikuwa kama sauti ya mvua. Lakini mama yangu, kwa miaka yote aliyokaa katika mji ule, alikuwa anasikia baba. Alidhani wanamuuliza habari za baba. Kwenye basi, sokoni, kliniki, Wazungu wasiomjua walikuwa wanamuuliza yuko wapi baba, na alikuwa amenyamaza na kuvumilia, akidhani ndivyo walivyo. Siku hiyo uvumilivu ulimwishia.

"It is not for baba," akasema, na sauti yake ikapanda. "There is no baba! Baba hayuko. I am the one who is buying, me."

Waliokuwa wanachagua skrubu waliacha kuchagua. Na mimi, kwa kuona mama yangu amekosea mbele ya watu, nikamsahihisha kwa sauti iliyojaa duka zima.

"But it *is* for baba! So he can see it! When he's flying!"

Mama aligeuka polepole. "Ati nani anafanya nini?"

"Baba. He's a pilot." Nilishangaa kwamba analazimika kuuliza. "Anti Njoki said. *Aliruka Kimanga.* A hundred feet. *Futi mia*, she said. Before I was born."

Kulikuwa na kiti kirefu karibu na kaunta, mama akakikalia. Aliweka mkoba magotini. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa mabega, bila sauti, kisha kwa sauti, kisha akacheka mpaka akatoa leso na kuifunika uso, na leso ilipokaa pale usoni muda mrefu nilijua kwamba ndani yake hakuna kicheko tena. Niliogopa. Sikuwa nimewahi kumwona mama analia dukani.

Alipoiondoa leso, alinivuta mbele yake, akanishika mashavu, na akazungumza nami kwa Kiswahili, taratibu, katika duka ambamo hakuna mwingine aliyeelewa hata neno.

"Sikiza, mami. Hiyo kuruka si ya mabawa. Mtu akimruka mwenzake amesema hamjui. Nilimwambia niko na mtoto. Akasema hanijui mimi, na mtoto hamjui. Hiyo ndiyo futi mia. Kimanga si mahali."

"Kaka Elia said it's in Dar es Salaam."

"Basi iko Dar es Salaam," akasema mama, na kona ya mdomo ikatetemeka, "lakini babako hayuko huko akiendesha helikopta. Babako ako Kenya kwake, na miguu yake iko chini kabisa."

Iliniuma. Sitaki kuipamba. Iliniuma kifuani mahali ambapo mpaka leo naweza kupaonyesha kwa kidole. Mtu niliyempungia taulo jioni zote zile alikuwa polisi tu. Nilikuwa nimetazama juu mwaka mzima na juu hakukuwa na mtu wangu.

Mama hakuachia mashavu yangu. "Unataka kujua nani aliruka? Mimi. Nilipanda ndege Nairobi nikiwa na wewe hapa." Akaweka mkono tumboni. "Sikuwa nimewahi kupanda hata ngazi ya umeme. Watu walilala, mimi nilishika kiti usiku kucha nikidhani nikikiachia itaanguka. Na ulikuwa unapiga teke, mami, njia nzima, kama mtu anataka kupewa usukani. Sisi wawili ndio tumeruka katika hii familia. Si mwingine."

Mzee wa duka alikuwa ametoweka nyuma na kurudi na kikombe cha chai, akakiweka karibu na kiwiko cha mama, na sukari yake pembeni. Mama akamshukuru. Nafikiri alikuwa ameanza kushuku kwamba bab si baba, maana mzee alipomwambia, "There you go, bab," alimtazama kwa makini, akatazama kile kikombe, akatabasamu.

"Twende nyumbani?" akaniuliza.

"What about the helicopter?"

"Kwani ilikuwa ya nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu niingie dukani, niliutazama ule uwezekano kwamba helikopta inaweza kuwa ya kwangu tu, bila kuonwa na mtu yeyote wa angani. Na jambo la ajabu ni kwamba hamu haikupungua hata kidogo. Baba alikuwa ameondoka kichwani na helikopta ilikuwa imebaki pale pale, nyekundu na njano, nyuma ya kioo. Niliwaza jinsi nilivyojua majina ya vipande vyake, jinsi nilivyosoma maktabani kila kilichoandikwa kuhusu kitu kile. Hayo yote yalikuwa yangu. Hakuna aliyenipa.

"Mine," nikasema. Kisha, kwa kuwa nilitaka mama asikie vizuri, nikajikakamua na kulisema kwa lugha yake. "Yangu."

Nilimwomba mzee atuonyeshe ile ya njano. Aliiweka sakafuni, akasogeza vijiti vya rimoti kwa vidole viwili, mapanga yakageuka ukungu, na ikapanda kwa sauti ya nyuki mpaka usawa wa uso wa mama, kwenye kile kiti chake. Pale ikasimama. Ncha za kitambaa chake cha kichwa zilipepea. Haikwenda mbele wala nyuma. Ilikaa hewani mbele ya mama yangu kama mtu aliyekuja kumjulia hali.

"Hii haiendi?" mama akauliza.

"It stops where you put it," mzee akasema.

"Hiyo," nikasema. Sikuhitaji kufikiri zaidi. Wa kwenda tulikuwa tumeshakuwa naye.

Wiki zilizofuata sebule yetu iligeuka uwanja wa ndege. Mama alisukuma kochi ukutani na kushusha picha zote za vioo. Betri ilichajiwa muda mrefu na kuruka muda mfupi, si zaidi ya chai kupoa, na ikimaliza, helikopta ilikuwa ya moto mkononi na ina ile harufu. Niliigongesha kabatini. Niliitia kwenye pazia ikajifunga kama samaki kwenye wavu. Mkia ulivunjika, tukaugundisha, ukavunjika hapo hapo, tukaugundisha tena. Kilichonishinda kabisa ni kuirudisha. Ikinipa mgongo nilikuwa bingwa. Ikigeuka kunitazama, kushoto kunakuwa kulia, na mimi naipeleka ukutani. Mama, akiwa amejilaza kochini baada ya shifti, soksi miguuni, ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, yeye ambaye hakuwahi kuigusa ile rimoti.

"Kushoto yake, mami, si yako. Jiweke ndani yake. Wewe ndiye umekaa pale mbele, unakuja nyumbani. Sasa nyumbani ni wapi?"

Siku nilipojiweka ndani yake, ilikuja. Ilikuja moja kwa moja, ikinitazama, polepole, ikatua karibu na vidole vyangu vya miguu. Mama aliketi wima. Hatukusema kitu kwa jirani wala kwa kanisa.

Kulikuwa na Jumapili ya vipaji, ambapo watoto walipanda mbele mmoja mmoja baada ya chakula. Wengi waliimba. Jina langu lilipoitwa nilitoka na boksi, na nilipolifungua na kuiweka helikopta sakafuni ukumbi ulinguruma kidogo. Anti Njoki alikuwa meza ya nyuma, kilemba chake kirefu kikiwazidi wote.

"Na hii ni nini tena?" akaita. "Mwimbie Bwana, mtoto, tuachie hiyo toy!"

Watu wakacheka. Kwa sekunde moja nilitaka kuirudisha ndani ya boksi. Halafu nikamtazama mama. Alikuwa amesimama karibu na meza ya chakula, mikono kifuani, na alinipa ishara ndogo ya kidevu, ile ya kumwambia mtoto avuke barabara.

Nilisukuma kijiti. Ile sauti ya nyuki ikajaa ukumbi, helikopta ikapanda, na vicheko vikakatika. Niliipitisha juu ya sufuria la pilau, juu ya bakuli za sombe, juu ya vichwa vya wazee wa kanisa walioinama wote kwa pamoja kwa unyenyekevu ambao mhubiri hakuwahi kuupata. Maman Furaha, mama wa Kikongo aliyekimbia vita Uvira, alikuwa amemshika mjukuu wake kwa nguvu. Kisha nilimwona analegeza mkono.

"Eh! Kule kwetu ile kitu ikikuya, watu banakimbia," akasema kwa sauti. "Angalia ya leo! Iko inatusalimia!"

Niliipeleka mpaka meza ya nyuma. Niliisimamisha mbele ya Anti Njoki, usawa wa pua yake, na nikaiacha pale ikae. Kilemba kilitetemeka. Anti Njoki alikishika kwa mikono miwili. Ikakaa. Ikakaa. Vidole vyangu vilijua kazi yao.

Ndipo nikasikia sauti ya mota ikianza kushuka. Betri ilikuwa inakwisha, helikopta iko upande wa mbali wa ukumbi, na kati yetu kuna meza, masufuria ya moto na watoto wadogo. Niliigeuza. Sasa ilikuwa inanitazama, kushoto kumekuwa kulia, na inapoteza kimo. Niliona haitanifikia.

Mama aliona pia. Alichukua sinia lililokuwa na chapati, akazimwaga zote kwenye meza kwa mkupuo mmoja, akasimama katikati ya ukumbi na kulinyoosha lile sinia tupu kwa mikono miwili. Halikutikisika. Alikuwa amesimama kama alivyokishika kile kiti cha ndege, nadhani, akiwa ameamua kwamba haitaanguka.

"Nyumbani ni hapa," akaniambia.

Nikajiweka ndani yake. Nikaileta, ikiyumba kidogo, juu ya bega la mzee mmoja, kando ya birika, ikashuka, ikashuka, na kwa nguvu za mwisho za betri ikatua juu ya sinia la mama kwa mlio mdogo wa bati. Mapanga yakazunguka taratibu mpaka yakasimama.

Nimeshangiliwa mara chache maishani tangu hapo, kazini na kwingineko, lakini haikuwa kama siku ile. Vigelegele vilitoka kwanza kwa Maman Furaha, vikadakwa na Wakenya. Kaka Elia akapiga kinanda bila wimbo wowote maalumu. Anti Njoki aliinuka na kupiga makofi kwa mikono iliyo juu ya kilemba, anacheka, machozi yanamtoka, maana alinipenda kweli yule mama na sijawahi kulitilia shaka hilo.

Na mama yangu, sinia lingali mikononi, ile harufu ya mota ya moto ikimpanda usoni, aligeuka kuelekea meza ya nyuma na kusema kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Njoki! Umeona? Wangu ameruka!"

"Ameruka!" Anti Njoki akaitikia, na nafikiri ni hapo tu alipolisikia neno lenyewe, lile lake la jikoni, kwa sababu mikono ilimshuka polepole.

"Ameruka," mama akarudia, "na amerudi."

Kisha akaja, akaniwekea lile sinia mbele yangu, akaniambia niende nikachaji betri niirushe tena, kwa kuwa Anti Njoki alikuwa amekaa nyuma na huenda hakuona vizuri.